Ubongo Usio na Mikunjo

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kutupa ubongo uliokuwa mzima kabisa. La pili, baya zaidi, lilikuwa kuandika kwenye rejista kwamba haukuwahi kufika.

Nina miaka thelathini na moja, na wenzangu wa mtaa wa Jericho hunicheka nikisema nimestaafu. Lakini kifua changu kimekataa fomalini, ile dawa kali inayozuia nyama kuoza, na kazi yetu yote ilifanyika ndani ya harufu yake. Basi nawaandikia ninyi mlioachiwa meza yangu karakanani.

Karakana ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko. Tulitayarisha bongo za wanyama kwa masomo ya vyuoni. Siku ya kwanza nilifika na shati nililolipiga pasi mara mbili. Sikuwa na cheti. Nilikuwa na vitabu vya mitumba vya baiolojia nilivyovisoma peke yangu, na hofu kwamba mtu ataniuliza kitu kisichokuwamo. Msimamizi, tuliyemwita Mama Shiro, alinipa ndoo na aproni ya mpira.

"Enda Kiamaiko, mwambie Mzee Halake nimekutuma. Na hilo shati, baba, liage kabisa."

Mzee Halake alikuwa akiuza vichwa vya mbuzi huko, karibu na machinjio. Nilijifunza kukata fuvu kwa msumeno mdogo na kulifunua kama kifuniko, kuloweka ubongo hadi ugande, na kuandika lebo kwa penseli, maana wino huyeyuka. Kila lebo niliiandika mara tatu, nikabandika iliyonyooka zaidi.

Wiki ya tatu Mzee Halake alinipa mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na mimba changa iliyokutwa tumboni mwa mbuzi aliyechinjwa.

"Daktari wenu ameiulizia hii kwa miezi mingi," alisema. "Beba polepole."

Niliiloweka. Siku nilipoifungua nilikuwa peke yangu mezani. Ubongo ulikuwa kama harage, na juu yake hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Nilikuwa nimeshafungua bongo nyingi za mbuzi wakubwa, zote zimejaa mikunjo. Nikaamini kisu changu kimeikwangua. Nikautupa pamoja na taka, nikaosha mikono, nikaandika: haukupokelewa.

Siku mbili baadaye Daktari alikuja. Ndiye mtafiti aliyekuwa juu ya Mama Shiro. Alisoma rejista, akakunja uso.

"Halake aliniambia ametuma."

"Basi ametudanganya," Mama Shiro akasema. "Kuna wauzaji wengine. Kuanzia leo tumwache."

Tulikuwa wateja wake wa kila wiki, na alikuwa hajakosa hata jambo moja. Nikasema, "Mama, alituma. Mimi niliutupa, kisha nikaandika uongo."

Mama Shiro aliweka kalamu chini. Daktari ndiye aliyeuliza, "Uliutupa kwa nini?"

"Haukuwa na mikunjo. Nilidhani nimeuharibu."

Alinyanyua chupa ya ubongo wa kuku kutoka rafuni. "Na huu? Uliuharibu pia?"

"Hapana, Daktari."

"Una mikunjo?"

Nikautazama. Haukuwa nayo. Nilikuwa nimeuandikia lebo mwenyewe, mara tatu, na sikuwa nimeuona.

Alivuta stuli. Alisema samaki, kuku, mbuzi na sisi tumerithi jeni nyingi zilezile za kuanza kujenga ubongo, kutoka kwa babu mmoja wa kale mwenye uti wa mgongo. Jeni ni maelekezo yaliyo ndani ya kila seli. Kilichobadilika sana ni lini zinawashwa, wapi, na kwa muda gani. Seli mama zikiendelea kugawanyika kwa muda mrefu kabla ya kuzaa seli za fahamu, tabaka la juu la ubongo hutanuka, na likitanuka sana hujikunja. Katika ukoo wetu sisi watu, jeni fulani zilinakiliwa zaidi ya mara moja. Nakala zikabadilika kidogo, na baadhi yake huzifanya seli mama ziendelee kugawanyika.

"Kwa hiyo ni kosa la kunakili?" niliuliza.

"Kosa la kunakili. Mengi hayafanyi lolote, mengine huua. Machache hubaki."

Mimi ninayerudia lebo mara tatu sikulala vizuri kwa sababu ya jibu hilo.

"Basi mbuzi tumboni huanza akiwa kama kuku?" nikauliza tena palepale.

"Wee! Usiandike hivyo popote. Kuku si mbuzi aliyeishia njiani. Ana njia yake: seli zake amezipakia kwa msongamano, na akili anayo. Sasa nenda ukaniletee mimba nyingine. Na Halake umwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Alinisikiliza huku akinoa kisu. "Ungeniharibia jina," alisema, na kwa wiki nzima hakunisalimu. Vijana wa machinjio wao hawakuninyamazia.

"Niaje, mtu wa bongo! Ananunua vichwa, chake hakitumii!"

Nilirudi kila asubuhi kwa karibu miezi miwili. Hatimaye Mzee Halake aliniita, akaniwekea ndooni mfuko wenye mimba nyingine. "Huu nao utupe," alisema, na safari hii alikuwa akicheka.

Ubongo wa mimba hiyo ungali rafuni, kati ya kuku na mbuzi mkubwa. Ni mdogo, hauna mikunjo, na lebo yake imepinda kidogo, kwa sababu niliiandika mara moja tu.

Tangu siku hizo, hakuna kielelezo kinachotupwa karakanani kabla mtu wa pili hajakitazama, na rejista ina safu ya makosa. Jina la kwanza ndani yake ni langu.