Leso ya Kitanda cha Juu

Nilipima kitanda kile cha ghorofa mara tatu kabla ya kukubali kukinunua. Aliyekuwa akikiuza alikuwa mama mmoja Mkenya wa Inver Grove Heights, huku ughaibuni, niliyempata kwenye kikundi cha kanisa kwenye simu. Alisimama mlangoni pa chumba cha watoto akiwa bado na sare ya hospitali, akinitazama nikipitisha futi kamba kila pembe.

"Dada, umetumwa na kanjo wa jiji kukagua?"

"Pole, mama. Nataka tu kuhakikisha."

"Hakikisha. Wangu watatu wamelala hapo. Yule mkubwa siku hizi anainama akipita mlangoni."

Mume wangu alicheka naye. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye kingo ya juu, ule ubao wa kuzuia mtoto asianguke, na hapo ndipo roho yangu huwa haitulii.

Vipya dukani vilitushinda bei, na binti zetu wawili walikuwa wakibanana kwenye godoro moja sakafuni, katika nyumba yetu ya kupanga huko Richfield. Nilingoja mkubwa atimize miaka sita, maana nilisoma kwamba chini ya hapo mtoto asilale juu. Nilisoma pia kwamba nafasi kati ya mbao isizidi inchi tatu na nusu, na kwamba kingo ipite godoro kwa inchi tano au zaidi. Hakuna aliyenifundisha useremala. Nilijifunza peke yangu baada ya kazi, nikitazama video za watu wakikaza bolti, hadi mume wangu akaanza kuniita injinia. Alidhani napenda vipimo. Sikumwambia kwamba kila nilipofunga macho niliona kitanda kingine.

Kile kilikuwa cha chuma, katika bweni la shule yetu ya sekondari, nyumbani Kenya. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mimi nililala chini, na juu yangu alilala msichana tuliyeketi naye dawati moja. Asubuhi alikuwa akiteremsha mkono, kiganja wazi, bila kusema neno, nami nilijua anataka kitana changu. Deka zetu, vile vitanda vya ghorofa, hazikuwa na kingo. Kila aliyelala juu alifunga leso, yaani kanga, kutoka nguzo hadi nguzo, akaivuta ikakaza, na hiyo ndiyo iliyokuwa kingo yake. Yake ilikuwa ya manjano, aliyopewa na nyanya yake.

Jumamosi moja taulo langu lilikuwa limelowa. Niliifungua leso yake bila kumwuliza, nikaenda nayo kuoga, kisha nikaisahau kwenye kamba ya kuanikia. Mvua ikanyesha. Alipopanda kulala aliniuliza iko wapi.

"Imelowa," nilisema. "Kwani wewe mtoto? Hutaanguka."

Kengele ya alfajiri ilipolia, alishtuka, akageukia upande usio na kitu. Nasikia hadi leo jinsi sakafu ya saruji ilivyompokea. Baba yake alikuja kumchukua kabla ya chakula cha mchana, mkono umefungwa, jicho moja limevimba, na hakurudi tena shuleni kwetu. Sijui alipo.

Matroni alituita, akauliza, "Nani alifungua leso?"

"Aliifungua mwenyewe," nikasema.

Kile kitanda cha mbao tulichonunua tulikiunganisha Jumapili baada ya ibada. Upande wa ndani wa ubao mmoja kulibandikwa karatasi ya maonyo. Niliisoma mstari kwa mstari na kuifuata, isipokuwa mahali pamoja. Ilisema mtu asifunge kamba wala kitambaa chochote kitandani. Nilijiambia kwamba walioandika hayo hawakuwahi kulala bweni. Pale ngazi inapofika juu kingo huacha pengo la mtoto kupitia. Mume wangu alipotoka kwenda kazini nikalifunga hilo pengo kwa leso, kwa fundo letu la shuleni, lile ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kukaza. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miezi. Siku zilizofuata nilimpandisha na kumshusha binti yangu mimi mwenyewe, na mume wangu alirudi usiku taa yao ikiwa imezimwa.

Alhamisi mchana theluji ilikuwa ikianguka, nami nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Binti yangu mdogo akaja na kuniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba dada yake amekwama.

Nilimkuta ananing'inia pembeni mwa ngazi. Alikuwa amejaribu kushuka akipita chini ya leso, na ilikuwa imemzunguka kwapa, ikapita chini ya kidevu. Miguu yake ilikuwa ikitafuta ngazi na kuikosa. Hakulia. Alinitazama tu, na macho yale nilikuwa nimewahi kuyaona, kwenye sakafu ya bweni.

Nilimwinua kwa bega langu. Kwa mkono mmoja nikavuta fundo, nalo likagoma, maana uzito wa mtoto ulikuwa umelikaza. Nikamwambia mdogo alete mkasi wa jikoni. Akauleta mbio, nikaikata leso.

Alipona. Alibaki na mstari mwekundu shingoni, mwembamba kama wa kalamu.

Usiku huo watoto walikuwa bado macho mume wangu aliporudi, akauona mstari huo hata kabla hajavua koti. Akaingia chumbani, akaona vipande viwili vya kitambaa vikining'inia.

"Nani alifunga leso hapa?"

Binti yangu mkubwa alinitazama, akamgeukia baba yake, akasema kwa Kiingereza kwamba ni yeye, alikuwa akicheza.

Alikuwa akiniokoa. Nilitambua jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza, rahisi vilevile kama siku ile mbele ya matroni.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi."

Kisha, nikiwa nimesimama pale pale, nilimweleza habari za ile leso nyingine, ya manjano. Nilipomaliza, akapanda ngazi, akafungua vile vipande, akanipa mkononi.

Binti yangu alisema bado anataka kulala juu. Nilipima kingo tena, nikamwacha apande. Nikalala chini na mdogo wake, nikisikiliza mbao zikilia kila mkubwa alipojigeuza, pengo la ngazi likiwa wazi. Baada ya kitambo mkono wake ukateremka ukingoni, kiganja wazi.

Sikujua anataka nini. Niliushika.