Anavua gambuti getini, anazivaa tena mlangoni

Saa moja asubuhi, kwenye ngazi za jengo la ghorofa tano mjini Ruiru, Beth Wangeci anavua viatu vyeusi vya ngozi na kuvaa gambuti za mpira alizopitisha getini ndani ya mfuko. Hazihitaji. Ngazi ni za vigae na zimepigwa deki sasa hivi. Lakini akibisha hodi bila gambuti, wateja hawayaamini maziwa yake.

"Andika hivyo hivyo," anamwambia mwandishi huku akisukuma mguu ndani ya gambuti kwa hasira. "Mwanamke wa miaka arobaini na sita anabadilisha viatu kwa ngazi kama mwizi."

Wangeci ana ng'ombe watatu kwake Murera. Kwa miaka sita amewaletea wakazi wa fleti hizi lita ishirini za maziwa kila asubuhi. Alikuwa akija vile alivyotoka zizini: gambuti, sweta, kitambaa kichwani. Hakuna aliyelalamika.

Mwaka jana kamati ya wakazi ilibandika tangazo getini. Wachuuzi wote wavae nadhifu, gambuti marufuku.

"Kaveke, huyo bawabu, aliniambia, 'Mathe, si mimi, ni komiti. Ukiingia na hizo, mimi ndio nitafutwa kazi.' Ningefanya nini? Nikanunua viatu na sketi ya mtumba, nikasuka nywele."

Kwao Murera yakazuka mengine. Mwanamke anayepita asubuhi na mapema na mtungi mgongoni, uso umepakwa poda, ana maswali ya kujibu. Wifi yake, Ngendo, alimngoja nje ya kanisa mbele ya wanawake wenzao.

"Aliniuliza, 'Wangeci, ni maziwa unauza ama ni wewe mwenyewe?' Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani bila kuingia kanisani."

Alidhani angalau mjini watafurahi. Wapi! Wiki hiyo hiyo Carolyne, mteja wa ghorofa ya tatu, alionja maziwa, kisha akamkagua kuanzia nywele hadi viatu.

"Akasema, 'Mama, hii ni ya ng'ombe kweli ama ni ya pakiti umechanganya? Siku hizi hata hukai kama mtu wa ng'ombe.' Ngai! Na mimi nimeamka saa kumi kukamua!"

Kati ya nyumba ishirini na tatu, tisa zilimwacha mwezi huo. Ndipo akaanza mchezo huu wa viatu getini na gambuti mlangoni, na wateja wakarudi mmoja mmoja. Januari, jua lilipokausha kila kitu na gambuti zikabaki safi, alifungua mfereji wa uani akazipaka tope kwa mkono wake.

Hilo linamuuma kuliko maneno ya Ngendo.

"Kwetu, ukiingia kwa mtu na matope, huna adabu. Mimi huosha gambuti kabla niguse mlango wangu. Hapa nilijipaka uchafu ndio niaminike."

Leo mchezo umegunduliwa. Bwana Gachau, mwenyekiti wa kamati, anateremka na tai yake shingoni na kumkuta mguu mmoja uko ndani ya gambuti.

"Mama, sheria unaijua."

"Naijua. Na maziwa yangu unayanywa."

"Hayo ni mambo mengine. Hii ni esteti ya mjini, si ushago."

"Basi ushago inaenda na maziwa yake."

Gachau anadai kadi ya kuingilia. Wangeci anaiweka kwenye ngazi, anavaa gambuti ya pili, anatia viatu mfukoni na kubeba mtungi wake nje.

Kando ya barabara, ambayo si ya kamati, anapiga simu nyumba baada ya nyumba: anayetaka maziwa ashuke. Wasiposhuka, lita ishirini zinaharibika, na kesho hana pa kuuza.

Wa kwanza kushuka ni Carolyne, sufuria mkononi, amevaa gauni la kulalia na malapa. Mwanamke akitokea barabarani hivyo kule Murera, Ngendo angekuwa na habari ya mwaka mzima. Wangeci anampimia lita moja, anapokea pesa na kumtakia siku njema.

Kufikia saa mbili unusu, nyumba kumi na moja zimenunua. Zilizobaki hazijashuka. Kuanzia kesho anapanga kuweka meza na mwavuli papo hapo.

"Viatu nitavaa vile nataka," anasema. "Nikiamka na hamu ya vile vya ngozi, ni hivyo. Mwenye shida na miguu yangu akanunue maziwa ya pakiti."