Risasi Zilizobanwa Mno

Juzi, katika duka la mitumba Pinetown, niliona mashine ya mkono ya kutengenezea risasi. Harufu yake ya shaba na mafuta ikanirudisha kwenye gereji moja ya Westville.

Humo Papa alikuwa akimtengenezea risasi mwenye gereji, mzee mmoja aliyekuwa akishindana kulenga shabaha. Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilikaa karibu naye, nikisikiliza mashine ikilia krak kila ilipobana mdomo wa ganda la shaba lenye baruti ili ushike risasi. Papa aliikandamiza kwa nguvu zake zote.

"Ikikazwa sana, mama, haiwezi kupotea njia," aliniambia mimi bintiye. Nilimwamini. Leo najua kwamba risasi ikibanwa kupita kiasi huharibika na kwenda upande.

Mzee alirudi kutoka kuzijaribu, karatasi ya shabaha mkononi. Matundu yalikuwa yametapakaa kila kona badala ya kukusanyika katikati. Nikapiga makofi.

"Umezibana mno," alimwambia Papa taratibu. "Kesho usije."

Papa hakupata kazi nyingine mpaka tukamzika. Lakini siku ile, tukiteremka kwenda kupanda taksi, nilimshika mkono kwa fahari.

"Papa, risasi zako zimetoboa karatasi yote!"

"Ndiyo, mama," alisema. "Yote."