Kaa Wasiofinya

Harufu ya dawa ya pamba hunitoa jasho hadi leo. Juzi nilipita kwenye duka la pembejeo, nikaisikia, na papo hapo nikawa tena na miaka tisa, ufukweni mwa ziwa pale Igogo, nimemshika mkono mdogo wangu Kabula, mtoto wa miaka minne.

Enzi zile biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa huru, na dawa yake ya kuulia wadudu iliuzwa kiholela, hata kwenye chupa za soda. Kuna wavuvi waliokuwa wakiimwaga ziwani ili samaki waelee wenyewe. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulijua kaa tu. Tulichomeka utete chini ya jiwe, kaa akaung'ang'ania, tukamvuta. Hodari alikuwa yule anayefinywa asilie. Mimi nililia kila mara.

Asubuhi hiyo niliwakuta kaa wametoka wenyewe, wako juani juu ya mawe, miguu inawacheza, magando yanafunguka na kujifunga hewani. Nikatia kidole kwenye gando. Halikubana. Nilifurahi, siwafichi, nilidhani wamenizoea. Nikampa Kabula mmoja achezee, nami nikawa najaza bakuli. Nilipogeuka, alikuwa anamnyonya mguu.

Kabla hatujafika nyumbani mate yalikuwa yanamtoka, na vidole vinamcheza kama ile miguu ya kaa. Bibi, aliyekuwa amelima pamba Magu miaka mingi, alilinusa bakuli mara moja tu.

"Mama yangu! Si dawa ya pamba hii?"

Akambeba, akakimbia naye pekupeku hadi zahanati. Mimi nilifuata nyuma na bakuli langu, naogopa hata kuliweka chini.

Walimwosha, wakamchoma sindano. Nikatia kidole changu kwenye kiganja chake kilicholegea. "Kabula, nifinye," nikamwambia. Hakufinya. Sijawahi kuogopa vile tena maishani.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa baiolojia alimpasua kaa, akatuonyesha donge jeupe kifuani na nyuzi zake zinazokwenda kwenye kila mguu na kila gando. Amri hupita humo, alisema. Sumu ikiingia, nyuzi hazinyamazi, miguu hucheza mpaka iishiwe nguvu. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Wale kaa hawakuwa wamenizoea. Walikuwa wanakufa, na mimi nilikuwa nacheka.

Siku ile ya zahanati, kuelekea jioni, Kabula alinifinya. Alitumia kucha, kwa nguvu zote, mpaka damu ikatoka. Nililia kama kawaida yangu, lakini kidole sikukitoa.