Mkeka, Chungu na Ukuta wa Chumba cha Mwali

Siku ile tulikuwepo bibi yangu mzaa mama, mwenye nyumba. Kungwi wangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Jirani yetu mfinyanzi, ambaye kucha zake hazikuwahi kukosa udongo. Mdogo wangu wa kike. Kitindamimba wetu wa kiume, aliyekuwa bado anatembea tumbo mbele. Mjomba, ambaye kwa kuwa ni mwanamume alibaki uani. Na mimi, niliyekuwa naingizwa ndani. Baba na mama hawakuwepo. Baba alifia safarini akibeba mizigo ya Wadachi, Wajerumani wale, na mama alimfuata kwa homa. Kabla ya kukata roho mama aliishika mikono yangu, akaweka ndani yake mikono ya wadogo zangu wawili.

Nimewakumbuka wote hao kwa sababu ya swali dogo. Mjukuu wangu anayesoma Kilakala alikuja likizo na kazi ya shule, aeleze aina za sanaa zinazotazamwa kwa macho. "Bibi," aliniambia, "najua uliacha shule mapema, lakini labda unazijua moja mbili." Nilicheka. Ninazijua, rafiki yangu msomaji. Nilijifunza karibu zote, tena mahali ambapo macho hayakuwa na kazi.

Kwetu huku milimani, msichana akivunja ungo aliingizwa ndani, akawa mwali. Hakuonekana na wanaume, hakupaza sauti, hakukanyaga uani mchana. Akiitwa, alijibu kwa kupiga makofi. Alikaa hivyo mpaka atolewe kwa ngoma, na ngoma haichezwi kwa matumbo matupu. Ilingoja mavuno mazuri. Miaka ile jumbe alikuwa akiwachukua wanaume kwenda kuchimba njia ya reli, mashamba yakabaki kwa wazee na watoto, na mwali aliyeingia hakujua atatoka lini. Jana ya siku niliyoingizwa nilikuwa kwenye benchi la shule ya misheni, nikichora herufi kwenye kibao. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake, kwamba herufi ni picha iliyokubali kutulia. Sikurudi kwenye benchi lile tena.

Wanawake walipokuwa wakinisukuma taratibu kuelekea chumba cha ndani, nilimsikia mjomba huko uani.

"Mama, hawa wawili atawatazama nani? Aliyekuwa akiwalimia ndiye huyo mnayemfungia."

Bibi alimvuta kitindamimba wetu kwenye mapaja yake. "Huyu ni mume wangu, haendi popote. Nikimwachia, uzee huu nitaolewa na nani?"

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Kesho yake alitakiwa kambini Kingolwira pamoja na wanaume wengine. "Basi iwe hivi," alisema. "Moto ukiwaka hapa, mtoto atakaa. Nikija nikakuta mafiga ya baridi, nampeleka Mlali kwa ndugu zetu, akachunge mbuzi ale."

Sote tulijua maana yake. Mtoto wa mtaa wa chini alipelekwa hivyohivyo, kwa muda tu, akarudi na ndevu, akamwamkia mama yake kama anavyomwamkia mgeni. Nikaingia ndani nikiwa na jambo hilo moja kifuani: moto usizimike, mdogo wangu asiende.

Chumba kile kilikuwa kidogo kuliko kilio. Dari ilikuwa nyeusi kwa moshi, na mwanga uliingia kwa ufa mmoja karibu na paa, mwembamba kama ukili. Harufu yake ninayo mpaka leo: majani makavu ya paa, mafuta ya nyonyo niliyopakwa, panya, na udongo ulioloa. Nje nilisikia mchi ukidunda, maji ya kijito, wanawake wakitukanana kwa mzaha njiani. Nilimsikia kitindamimba akianguka na kulia, akiniita. Nilipiga makofi. Akalia zaidi, kwa sababu makofi hayambebi mtoto.

Kungwi alianza na mkeka. Mdogo wangu wa kike alileta ukindu kutoka bondeni, nusu tukauchemsha na mizizi ya mdaa ukawa mweusi, nusu tukauacha na weupe wake. Nilidhani kusuka ni kazi ya vidole tu. Kungwi alinifumba macho kwa kitambaa, ingawa giza lilikuwa limekwisha kunifumba.

"Jicho ni mgeni," alisema. "Mkono ndio mwenyeji. Hesabu kwa mkono."

Nikajifunza kwamba pambo halibandikwi juu ya mkeka. Linazaliwa pamoja nao, jani jeusi likipita chini wakati jani jeupe linapita juu, na ukikosea mwanzoni kosa linatembea na wewe mpaka mwisho. Mkeka wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya kwenda kisimani. Mdogo wangu aliuchungulia mlangoni, akaguna.

"Dada, huu aulalie nani? Nyoka?"

Lakini wa pili ulinyooka, na wa tatu jirani mfinyanzi aliushusha sokoni Morogoro pamoja na vyungu vyake, akarudi na mahindi na chumvi. Jioni ile nilisikia ugali ukisongwa upande wa pili wa ukuta, mwiko ukigonga chungu, na kitindamimba akidai ukoko. Sijawahi kusikia muziki kama ule. Nikajua kwamba mimi nimefungwa, lakini kazi yangu haikufungwa.

Basi nilisuka kama mtu anayekimbia. Mikono ilipochanika, jirani mfinyanzi aliniletea udongo, akisema unaponya. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufinyanzi. Udongo ule aliuchanganya na vigae vilivyotwangwa, ili chungu kisipasuke motoni. Alisema chungu kipya lazima kibebe mifupa ya babu zake. Tulikandia mle ndani, tukavuta kuta zake kwa vidole, tukaviringisha gunzi la hindi shingoni kutia alama, tukasugua kwa kokoto laini mpaka kikang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Changu cha kwanza kilituna vibaya upande mmoja.

"Hiki kina tumbo la jumbe," kungwi alisema.

"Basi kitauzwa haraka," jirani akajibu. "Tumbo la jumbe halikosi chakula."

Kucheka kwa mwali kunafichwa kwenye kiganja. Nilicheka mpaka kiganja kikaloa.

Kungwi naye alifinyanga, lakini vitu vyake havikupikiwa. Alifanya vinyago vidogo vya udongo, mwanamke mwenye mtoto, kobe, mume mvivu aliyelala, na kila kimoja kilikuwa na wimbo wake. Nilikipapasa, nikauimba kwa sauti ya chini, nikapewa maana yake. Maana hizo sitaziandika hapa, niliapa. Nitakuambia tu kwamba niligundua udongo unaweza kuwa chombo, unaweza pia kuwa neno.

Kisha alinipa mwana hiti, mtoto wa mti wa ukoo wetu, gogo dogo lisilo na mikono wala miguu, lenye kichwa chenye vishungi viwili vya nywele. Nilimpaka mafuta, nikamlaza ubavuni kwangu. Aliyemchonga alikufa kabla bibi hajazaliwa. Nilishangaa jinsi fundi yule alivyoondoa karibu kila kitu, pua, mdomo, vidole, na bado kilichobaki kilikuwa mtoto. Kwenye kusuka na kufinyanga unaongeza. Kwenye kuchonga unapunguza, na ulichokitoa hakirudi. Nililifikiria hilo mara nyingi, nikiwa nimepunguziwa jua, sauti na njia.

Mwisho ukawa ukuta. Tulichota udongo mweupe, udongo mwekundu na mkaa, nikapewa kijiti kilichotafunwa ncha. Nilichora yale niliyoyasikia bila kuyaona: mchi, kuku, jirani akiteremka na vyungu, kitindamimba na tumbo lake. Mwanga wa ufa ulipita juu yao polepole, ukimwamsha mmoja na kumlaza mwingine. Nilikuwa na kijiji kizima mle ndani, na hakuna aliyeweza kunifungulia mlango.

Masika yakaja kwa hasira. Njia ya Morogoro iliporomoka mahali pawili. Vyungu vilivyokuwa vikichomwa vilinyeshewa motoni, vikapasuka vyote, vyangu na vya jirani. Ukindu uliota ukungu. Bibi akaanza kukohoa, akalala, hakuweza tena kushika jembe wala kupuliza moto. Mdogo wangu wa kike, mwenyewe bado kitoto, alichuma mboga za porini, akazichemsha, mpaka kuni kavu zikaisha na unga ukawa umekwisha siku nyingi. Siku hiyohiyo mafiga yalipopoa, mjomba alitokea, amepewa ruhusa ya kuja kumwona mama yake mgonjwa.

Nilizisikia hatua zake zikisimama jikoni. Nadhani aliyagusa mafiga kwa mkono.

"Mama, nilisema," alisema hatimaye.

"Ulisema," bibi akajibu kutoka kitandani, akikohoa. Safari hii hakumwita mtu mume wake.

Nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, nikapiga tena, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kusema usimchukue.

Mjomba alikuja mpaka karibu na ukuta wangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nimekusikia, mwali wetu. Lakini makofi hayashibishi. Nampa bibi yako dawa, nalala hapa, na asubuhi nikirudi bondeni naondoka na mtoto."

Mdogo wangu wa kike alitoka mbio kwenye mvua bila kuaga. Aliporudi, kungwi alikuwa naye, nguo zikiwachuruzika. Waliingia wote wawili chumbani, na kungwi akaketi bila kujifuta.

"Huyu mtoto ameniuliza kama mwali anaweza kutoka bila ngoma," alisema. "Nimemwambia wakati wa njaa kuu wazee wetu walifanya hivyo. Mwali alitoka kimya, akafanya kazi. Lakini chumba hakiachwi wazi. Ndugu yake wa tumbo moja aliingia badala yake."

"Hajavunja ungo," nilinong'ona.

"Ndiyo maana sikutaka. Akiingia leo, atangoja kwanza mwili wake, halafu atangoja mavuno. Ngoma ya mtu haimtoi mwingine."

Nilimtazama mdogo wangu kwenye mstari ule wa mwanga. Alikuwa na tope mpaka magotini na jani limenasa nywelani. Alikuwa mtoto wa miti na mito, mtu wa kuitwa mara nyingi ndipo aje kula.

"Sitaki," nilimwambia.

"Wewe una nguvu za kulima, mimi sina," alijibu. "Mimi nikibaki nje, mdogo wetu anakwenda Mlali. Wewe ukiwa nje, anabaki. Sasa tunabishana nini?" Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akaongeza, "Tena umekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Toka, utatuogopesha."

Akaketi kwenye mkeka wangu. Kungwi alimvika kitambaa changu. Nilimpa mwana hiti mkononi, nikamwonyesha ukutani ni nani ni nani, nikatoka.

Asubuhi mjomba alinikuta nyuma ya nyumba, ninafukua viazi vitamu vilivyosalia kwenye matuta, macho yakinitoka machozi kwa mwanga. Moto ulikuwa unawaka kwa nguzo ya banda la kuku niliyoipasua. Alinitazama, akageukia chumba cha ndani, na kutoka humo yakasikika makofi mepesi ya mikono midogo. Alielewa. Alikaa kitako kwenye jiwe, akafunika uso. Kisha alinisaidia kufukua mpaka jua lilipopanda, akaondoka peke yake.

Kitindamimba wetu alikulia hapa. Amejenga hapa, ana wajukuu hapa, na tumbo lake bado linamtangulia.

Mdogo wangu alikaa ndani misimu na misimu. Mwili wake haukuwa na haraka, na mvua nazo ziliendelea kutudanganya. Nililima, nikapeleka kazi zake sokoni, nikaketi nje ya ukuta nikimfundisha kwa maneno yale niliyofundishwa kwa mikono. Alinipita. Mikeka yake watu waliisubiri njiani. Siku alipochezwa ngoma na kutolewa, amepambwa shanga kiunoni na kifuani, wapiga ngoma walikosea mapigo kwa uzuri wake. Lakini nilipomwambia tukakimbie mpaka kijitoni, kama zamani, alisimama mlangoni akiwa ameushika mwimo, akaniuliza kama kijito bado kiko mbali vile.

Nyumba ile haipo tena. Mvua iliula ukuta wenye picha, wekundu ukaanza kuondoka, mkaa ukafuata. Wasichana hawafungiwi siku hizi, na ninashukuru. Ila hata yale yaliyofundishwa humo yamekwenda, na sokoni nanunua mikeka ya mapambo ambayo waliosuka wenyewe hawawezi kuniambia inasema nini.

Mdogo wangu yuko hai. Tunaishi ua mmoja, vikongwe wawili. Kila kunapopambazuka hutoa kigoda chake, akakaa kulielekea jua mpaka limchome, na ukimwambia asogee kivulini hasikii. Nimemlimia shamba lake. Nimemlelea wanawe alipougua. Mpaka mwaka huu ninamtekea maji mimi, ingawa mimi ndiye mkubwa na mgongo umekataa. Nikiutua mtungi mbele yake hunitazama kwa jicho moja, lingine akilikinga na mwanga.

"Ahsante, dada," husema. "Hayo ni maji ya leo. Lile jua langu bado."

Halafu hucheka. Nami hucheka naye, nikainama kuuweka mtungi sawa, kwa sababu ni kweli, bado.