Darubini ya Bwana Taja

Ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa ule nyumba ya Bwana Taja iko wapi, atakuonyesha kwa kidevu bila kuacha anachokifanya: ile pale, yenye mlango wa kijani na mlio wa cherehani. Jina lake la kwenye cheti hakuna alikumbukaye isipokuwa mkewe, naye hulitumia siku akikasirika tu.

Hilo la Taja alilipata kazini. Alikuwa tarishi, akagawa barua nyumba kwa nyumba miaka thelathini na mmoja, kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, na hakuna bahasha hata moja iliyoingia mlango usio wake. Siri yake ilikuwa ndogo. Kabla ya kupiga hodi alisimama nje, akasoma jina la kwenye bahasha kwa sauti, kisha akasoma la mlangoni kwa sauti, ndipo akanyoosha mkono. Watoto walimwiga. Wenye mbwa walimcheka, maana mbwa alipata muda wa kutosha kuamka, kujinyoosha na kumfikia. Aling'atwa mara tatu. Tabia hakuiacha.

Wala hakuizua kazini. Aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mwindaji, na aliyemfundisha bunduki kwa maneno manne: "Taja kwanza, gusa baadaye." Maana yake, kidole hakiendi kwenye kifyatulio mpaka mdomo umenong'ona jina la kile ambacho jicho limekiona. Swala. Kwale. Nguruwe. Mdomo ukiwa na shaka, kidole kinabaki nje, hata kama mawindo yamesimama hapo yanakusubiri kama bibi harusi. Kwa kanuni hiyo Bwana Taja aliwinda kila msimu, kibali chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na nyama aliyoileta nyumbani haikuwahi kuwa na kesi.

Mpaka msimu uliopita, mdomo ulipomdanganya.

Jirani yake mjane, ambaye marehemu mumewe na Bwana Taja walikuwa kama ndugu, alikuwa na shamba la mahindi chini bondeni, na nguruwe mwitu walikuwa wamelizoea kama mezani kwao. Jioni ile Bwana Taja alikaa ukingoni mwa shamba, jua limeshazama, bado kuna ule mwanga wa mwishomwisho unaofanya kila kitu kiwe na rangi moja. Katikati ya mahindi akaona mgongo wa kahawia. Umeinama, unasogea polepole, unachimbua.

"Nguruwe," mdomo ukanong'ona.

Kidole kikaenda.

Nguruwe akainuka, akashika kiuno, akapiga chafya.

Alikuwa yule mjane mwenyewe, na shali yake ya kahawia, ameshuka kung'oa magugu kwa kuwa mchana jua lilikuwa kali. Hakuona kitu. Akapangusa pua, akaenda zake nyumbani. Bwana Taja akatoa risasi kwenye bunduki, akaishika kiganjani, akakaa palepale mpaka giza likaingia.

Mwingine angeimeza siri hiyo kama kidonge, na maji juu. Yeye alimwambia mkewe kabla hajavua viatu. Asubuhi yake akaenda kwa mjane, akasimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Shemeji, jana jioni nilikutaja nguruwe."

"Mimi?" Mjane aliweka mikono kiunoni. "Kwa unene upi, shemeji? Si afadhali ungesema swala?"

Akamweleza yote. Mjane akacheka, akacheka tena kidogo, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kicheko kikamwishia.

"Kidole kilifika?"

"Kilifika, shemeji."

Akamwomba radhi, akapewa. Bunduki akaifungia kabatini, ufunguo akamkabidhi mkewe, naye akauweka kwenye kopo la vifungo, kati ya vifungo mia tatu. Kisha akaenda kupimwa macho. Akapewa miwani. Ilimsaidia kusoma, ilimsaidia kutambua watu barabarani, lakini jioni ikiingia, kilicho mbali kilibaki kilekile: doa.

Msimu huu mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe wakarudi. Kwa siku tatu tu walilaza theluthi ya shamba. Mjane alikuja na bua moja lililotafunwa, akaliweka mezani juu ya kitambaa kilichokuwa kikishonwa.

"Shemeji, uliniomba radhi, nikakupa. Sasa haya mahindi yangu nani atayaomba radhi? Sina kingine cha kula mwaka mzima. Tafuta macho, urudi."

Bwana Taja alilitazama lile bua. Asipokwenda, mwenzake analala njaa. Akienda na macho yale, yuko mtu anaweza asirudi nyumbani. Kati ya mambo hayo mawili hakuona pa kukaa.

"Macho yanauzwa," alisema mkewe, akikata uzi kwa meno. "Yanaitwa darubini. Kesho tunakwenda."

Duka lilikuwa mjini, kwenye mtaa wa maduka ya vifaa, katikati ya duka la rangi na duka la vitasa. Ndani palinuka turubai jipya na mafuta ya bunduki. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye upara unaong'aa kuliko lenzi zake, na ulimi usioota kutu. Kabla hawajamaliza kusalimiana alikuwa ameshaweka juu ya kaunta darubini moja kubwa kama mkono wa mtu.

"Hii, mzee, inavuta mara ishirini! Na bei yake ni ya kirafiki. Kwa hii unaona mpaka kesho."

"Ya kesho tutayaona kesho," alisema mkewe. "Sisi tunataka ya leo jioni."

Bwana Taja akaiinua, akatoka mpaka mlangoni, akaielekeza kwenye kibao cha duka la dawa mwisho wa mtaa.

"Taja," alisema mkewe.

"Naona herufi. Lakini zinacheza ngoma."

"Si mikono yako hiyo?"

"Mikono ni yangu. Ngoma ni ya darubini."

Muuzaji akakohoa. Alikuwa mkweli pale ukweli ulipombana, akakiri kwamba ndivyo zilivyo: kadiri inavyovuta zaidi, ndivyo inavyovuta na kutetemeka kwako. Mtu asiye na kitu cha kuiegemeza hatapata raha nayo. Akaiondoa, akatoa nyingine kutoka kwenye sanduku lenye kitambaa laini ndani. Bwana Taja akaiweka machoni. Mtaa mzima ulikuwa umeoshwa. Aliona mpaka nyufa za rangi kwenye dirisha la ghorofani.

"Bei?"

Muuzaji akaitaja. Bwana Taja akairudisha kwa mikono miwili, kama anayemrudisha mtoto mchanga kwa mamaye.

"Inakaa vizuri hapo ilipo," akasema. "Sisi fungu letu ni la kati. Si la kununua takataka, si la kununua dunia."

Hapo ndipo muuzaji alipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaweka mbili juu ya kaunta, zenye bei karibu sawa. Moja ya kumi kwa arobaini na mbili, moja ya nane kwa arobaini na mbili. Namba ya kwanza, akaeleza, ni mara ngapi inavuta. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mlango wa kuingilia mwanga. "Wengi wananunua hii ya kumi. Kumi ni zaidi ya nane, mzee, hata mtoto wa shule anajua."

Bwana Taja alizijaribu zote, akakunja uso. Aliona duara dogo jeusi pembeni kote, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Muuzaji akacheka, akamwonyesha: mwenye miwani anakunja vile vikombe vya mpira vya kwenye macho. Akavikunja. Mtaa ukafunguka. Kisha akamfundisha kufumba jicho la kulia na kuliweka sawa la kushoto kwa gurudumu la katikati, halafu kulifumba la kushoto na kuliweka sawa la kulia kwa ile pete ndogo, kwa sababu macho ya mtu ni kama ndugu wa tumbo moja, hayaoni mambo sawasawa.

"Mchana zote nzuri," alisema Bwana Taja. "Jioni je?"

"Mzee, saa kumi na mbili mimi nafunga duka."

"Nguruwe wangu ndio wanafungua saa hiyo."

Muuzaji alicheka mpaka upara ukabadilika rangi. Akasema basi, watasubiri wote. Mke wa Bwana Taja akatoa kazi yake kwenye mkoba, akakaa juu ya kasha, akaanza kupinda pindo la sketi ya mteja. Alipoona muuzaji ana kifungo kinachoning'inia, akakishona bila kumwomba ruhusa. Wateja wakaingia, wakatoka. Bwana Taja akakaa na zile darubini mbili mapajani, akizipima uzito, akizungusha magurudumu yake, akizifungua na kuzikunja, mpaka vidole vilipozijua bila kutazama.

Nyuma ya duka palikuwa na uwanja mdogo wenye mapipa, na mwisho wake ukuta wa matofali unaofika kifuani. Ng'ambo ya ukuta ardhi iliteremka hadi kwenye mfereji, kisha ikapanda tena, vichaka na vibustani vya watu. Jua lilipozama wanaume hao wawili wakasimama pale, viwiko juu ya ukuta.

"Mama yuko wapi?" aliuliza muuzaji.

"Anajua mwenyewe. Aliniambia nisigeuke."

Wakangoja. Mwanga ukaanza kufa, rangi zikaanza kufanana. Kwa macho matupu Bwana Taja akaona kitu ng'ambo, kati ya vichaka. Kitu cha kahawia. Kimeinama, kinasogea polepole.

Moyo wake ukaruka kama siku ile.

Akainua ile ya kumi. Kitu kikaja karibu, lakini kizito, cheusi kidogo, na kila alipovuta pumzi kilipanda na kushuka. Mgongo. Kahawia. Unachimbua. Neno likampanda kooni, alilijua kabla halijafika ulimini, na ladha yake aliijua. Akafunga mdomo.

"Vipi, mzee?" alinong'ona muuzaji.

"Mdomo unataka kusema. Jicho halijakubali."

Akaishusha. Akapangusa miwani kwa ncha ya shati, hakufanya haraka. Akainua ile ya nane. Kitu kikawa kidogo kuliko ndani ya ile ya kumi, ndiyo, lakini kikatulia. Na mwanga uliokuwa umekwisha kwa dunia nzima ulikuwa bado upo mle ndani, kidogo, wa kutosha. Mgongo wa kahawia. Akangoja. Pembeni ya mgongo ukatoka mkono. Mkono ukaenda kwenye pindo la nguo, ukabandua miiba iliyonasa, mmoja mmoja, kisha ukalilaza pindo na kulinyoosha kwa kidole gumba, kutoka kushoto kwenda kulia, kama afanyavyo mtu mmoja tu chini ya jua.

"Mtu," alisema Bwana Taja.

Akatazama tena.

"Mwanamke."

Kisha akamtaja mkewe kwa jina lake, lile ambalo muuzaji hakuwahi kulisikia siku nzima, akalitaja kwa sauti kamili, kama alivyokuwa akiyasoma majina milangoni. Muuzaji aligeuka aseme kitu cha kuchekesha, akaona machozi chini ya miwani, akageukia mapipa yake.

Mkewe alirudi anahema, shali ya kahawia imejaa miiba.

"Ulitaja nini?"

"Nilikutaja wewe."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilinyamaza."

Akamtazama usoni kidogo. "Basi lipa twende," akasema.

Muuzaji aliwafungia ile ya nane, akawaongezea mkanda mpana wa shingoni, akidai ni kwa ajili ya kile kifungo. Na tangu hapo, mwindaji akiingia dukani kwake akaulizia ile inayovuta mara ishirini, humwambia: "Kaa kwanza, ndugu yangu. Tusubiri jioni."

Kopo la vifungo lilimwagwa kitandani, ufunguo ukapatikana. Jioni ya kwanza Bwana Taja alikaa ukingoni mwa shamba akataja kisiki, ndoo, na punda wa mtu aliyekata kamba. Bunduki ililala magotini. Ya pili akataja upepo, maana hapakuwa na kingine. Jioni ya tatu aliinua darubini, akatazama kwa muda ambao mwingine angeshapiga mara mbili, akaona pua, akaona meno, akaona manyoya yaliyosimama mgongoni.

"Nguruwe," akanong'ona. Akaishusha darubini kifuani. Akatazama tena kwa macho, akaangalia na nyuma yake pia. Bondeni ukasikika mlio mmoja.

Mjane alivuna. Si yote, lakini ya kumfikisha mwaka. Na hata leo, akipanda kutoka bondeni jioni na shali yake ileile aliyokataa kuibadilisha, husimama mbali kabisa, huweka mikono kiunoni na kupaza sauti:

"Shemeji! Mimi nani?"

Bwana Taja hatanii na jambo hilo. Huacha alichokuwa akifanya, huinua darubini, hutazama mpaka aridhike. Ndipo anamjibu.