Magoti Kando ya Meli

Baba yangu harudii amri. Ni polisi mstaafu. Alitulea kambini, na tulipohamia mtaa wa Kisugu kambi ilihama nasi. Binti akimsalimia hupiga magoti, na hainuki mpaka asikie neno moja: "Inuka." Hata kwenye simu. Ndiyo, kwenye simu! Majirani walicheka. Wacheke.

Basi aliposikia nakwenda Korea kutafuta vipuri vya magari kwa ajili ya duka langu, alisema tu, "Ukimaliza, rudi na mdogo wako."

Mdogo wangu, msichana wa mwisho kwetu, alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha meli huko, kwenye mji mmoja wa pwani. Alipokuwa Kisugu alichomelea mageti, na baba alivumilia, maana geti ni geti. Lakini sasa mchumba alikuwa amepatikana, mtoto wa kiume wa afande mwenzake wa zamani. Wazee walikwisha kukaa, soda zikanywewa, baba akatoa neno lake. Bibi harusi mwenyewe hakuulizwa. Na mimi hasira zangu zote zilikuwa kwake yeye, si kwa baba. Niliolewa nilipoambiwa niolewe, mbona sikufa? Yeye ni nani?

Mkenya mmoja ninayefanya naye biashara alikodi gari, tukashika njia asubuhi. Kule wanaendesha upande wa kulia, Mungu wangu! Kila lori lilipotukaribia nilikanyaga breki ambayo haikuwepo.

"Mama, utatoboa gari la wenyewe," akanicheka.

Kwetu, pale Lubaga, tunaupanda mlima. Kule wanautoboa, unaingia upande huu unatokea ule. Tuliposimama kula, tulipewa tambi zenye pilipili iliyonitoa machozi. Nikasema afadhali nianze kulia mapema.

Nilitegemea kuona bahari na mchanga. Wapi! Ilikuwa saruji, makontena, kreni ndefu na harufu ya rangi na chuma kilichoungua. Meli moja ilisimama pale, haijamalizwa, kubwa kuliko mtaa wetu mzima. Wageni hawaruhusiwi ndani, kwa hiyo tukamsubiri nje, kwenye ukuta wa bahari. Alikuja na ovaroli, kofia ya kuchomelea kwapani, mikono ina makovu ya cheche. Na amenenepa, banange! Tukakumbatiana mpaka nikasahau kidogo kwamba nimekasirika.

"Dada, umetumwa," akasema kabla sijakaa.

"Nimetumwa. Funga mizigo."

Akanyoosha kidole kuelekea ile meli. "Unaona ule mstari, chini ya zile namba? Ule ni wangu. Bahari yote itausukuma, na maji hayataingia."

"Mstari wa chuma utakupa watoto?"

"Na huyo mchumba, mimi nimemwona wapi?"

Swali hilo likanifanya mkali zaidi. Nikatoa simu. "Haya, mwambie baba mwenyewe!"

Kwetu ilikuwa bado asubuhi, baba yuko barazani na chai yake. Uso wake ulipotokea tu, mdogo wangu akapiga magoti pale pale kwenye saruji, kofia mkononi. Wafanyakazi waliokuwa wakiingia zamu wakasimama kutazama. Mlinzi wa getini, mzee wa Kikorea, akawafukuza kwa mkono waendelee na safari yao.

"Nakusalimu, baba."

"Unarudi lini?"

"Sirudi, baba. Sijakukataa wewe. Nimeikataa ndoa."

"Mpe dada yako simu."

Nilipoipokea, magoti yangu yalishuka yenyewe.

"Wewe nilikutuma nini?"

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anamwogopa baba, lakini hakuinamisha kichwa. Mimi siku yangu niliinamisha. Hasira ikanipanda upya, ila safari hii haikuelekea kwake.

"Baba, mtoto ana kazi yake hapa," nikasema. "Mwache."

Baba akakata simu. Hakusema inuka.

Haki ya Mungu, nilibaki chini. Mimi mtu mzima, mwenye duka na wajukuu, nimepiga magoti mbele ya simu iliyozimika, nangoja ruhusa ng'ambo ya dunia! Yule Mkenya hakuthubutu hata kucheka. Mdogo wangu ndiye aliyesimama kwanza. Akajikung'uta vumbi, akavaa kofia yake.

"Inuka, dada," akasema. "Zamu yangu inaanza."

Nilirudi Kisugu na vipuri vyangu. Baba alikuwa barazani. Alitazama nyuma yangu, akimtafuta mtu wa pili, kisha akarudisha macho kwenye kikombe. Nikapiga magoti, maana ni baba yangu.

"Sikumleta," nikamwambia. "Na sitamleta. Wazee wakija, nitawaambia mimi mwenyewe."

Akakoroga chai. Akainywa polepole, akajimiminia nyingine. Lile neno halikuja. Nilijua anachongoja: niombe radhi, kama nilivyoomba tangu utotoni. Magoti yakaanza kuniuma. Nikasimama, nikajikung'uta.

Baba akaweka kikombe chini. "Nani amekuambia inuka?"

"Mdogo wangu," nikamjibu.